Hotuba ya Mgeni Rasmi: Mahafali ya Darasa la Saba, Kariakoo



Wahitimu mnaochomwa na jua huku sisi tukijibanza chini ya turubai, risala yenu nimeisikia. Kabla sijaijibu, niseme kidogo. Nilipopitishwa darasani niliuliza Mto Rufiji unaishia wapi, mikono yote ikawa juu. Nikauliza Msimbazi unaanzia wapi. Kijana mmoja akanijibu, "Pale klabuni Simba." Tulicheka, lakini simlaumu. Hapa Kariakoo Msimbazi ni mtaa na ni timu. Mto wenyewe tunaukumbuka ukifurika.

Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na safari yake hadi baharini ni kama kilomita 35 tu. Unapita Ukonga, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, unakatiza chini ya Barabara ya Morogoro kati yetu na Magomeni. Mbele unaungana na Mto Sinza, unaingia kwenye mikoko, kisha Daraja la Selander na bahari. Kwa hiyo Wekundu wa Msimbazi na watani wao Wana-Jangwani wote ni watu wa bonde moja. Naona kuna walionuna, poleni.

Pale Jangwani tusimame kidogo. Mto ukitoka vilimani una mbio na umebeba mchanga. Ukifika kwenye tambarare unapunguza kasi, mchanga unatua, kina kinapungua. Vijana wanauchota kwa makoleo na makarai, lakini masika inaleta mwingine. Takataka nazo zinaziba chini ya madaraja. Mvua ikikutana na maji ya bamvua yanayopanda kutoka baharini, mto unakosa pa kutokea, unarudi kutandaa bondeni. Ndiyo maana Jangwani huweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha Pugu.

Wazazi mnayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tukasema mto umevamia nyumba. Mimi nasema lile bonde lote ni mto, ila kwa miezi mingi ya mwaka hauna haja na upana wake wote. Aliyelima mchicha pale analijua hilo. Maji yakimzoa, yakipungua anapanda tena. Mwenye ukuta wa tofali hana nafasi hiyo.

Sasa risala. Mmeomba vyoo na ramani za ukutani. Kwa vyoo naanza na mifuko 50 ya saruji, na marafiki zangu wa meza kuu watanisaidia, wasiangalie pembeni. Ramani nitaleta, kwa sharti moja: ya bonde la Msimbazi, kuanzia Pugu hadi Selander, ichorwe na darasa la sita wenyewe. Karatasi na rangi ni juu yangu, Mwalimu Mkuu nipe orodha leo.