Mtoto Anayefumba Macho Juani



Huenda unamfahamu mtoto wa namna hii. Tangu miezi ya kwanza macho yake yanachezacheza. Mchana anakunja uso na kufumba macho. Shuleni haoni ubaoni. Ukimtuma kitambaa chekundu, anakuletea cheusi. Lakini jua likizama, anatembea bila kujikwaa. Majirani wananong'ona: amerogwa, ama mama yake alivunja mwiko.

Ukweli ni huu. Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando uitwao retina. Una seli za aina mbili zinazopokea mwanga: fito, za kuonea gizani, na koni, za kuonea mchana, kutambua rangi na kusoma maandishi madogo. Mtoto huyu koni zake hazifanyi kazi. Anategemea fito, nazo huzidiwa na mwanga mkali.

Chanzo ni jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi. Mara nyingi hitilafu iko katika jeni ya CNGB3 au CNGA3. Mtoto hupokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye nakala moja mbovu huona vizuri, wala hajui kama anayo. Wakioana wawili walio nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto wa hali hii. Basi usimnyoshee mama kidole. Baba naye amechangia sawasawa, na hakuna aliyekosea.

Katika kisiwa cha Pingelap, Bahari ya Pasifiki, tufani ya mwaka 1775 hivi iliacha watu wapatao 20 tu. Inaaminika mmoja wao alibeba nakala mbovu, na uzao wao wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Leo watu 5 hadi 10 katika kila 100 wa asili ya huko hawaoni rangi. Baadhi yao ni wavuvi wa usiku.

Hali hii si ile ya kuchanganya nyekundu na kijani. Hiyo hutoka kwenye kromosomu X, huwapata zaidi wavulana, na jua haliwasumbui.

Ufanye nini? Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa macho, maana dalili hizi zaweza kuwa na chanzo kingine. Mvalishe kofia yenye ukingo mpana na miwani ya giza. Mwalimu, mkalishe mbele, mgongo wake ukielekea dirishani, na umsomee kilichoandikwa ubaoni. Usimwulize rangi mbele ya wenzake.

Tiba ya kuziponya koni hizo bado inatafutwa. Lakini mtoto huyu ana akili timamu, na nafasi yake darasani ni haki yake. Usimfiche ndani.