Huduma Nje ya Mlango wa Kanisa
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya)

 

Miaka 25 si mchezo. Historia ya kwaya mtaisikia kwa mwenyekiti. Mimi nimepewa dakika chache kuhusu huduma kwa wahitaji.

Katika Mathayo 25 Bwana Yesu anataja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Kuimba hakutaji. Sisemi tuache kuimba (naona mwalimu wa kwaya ameshaanza kunitazama), ila orodha ile tuisome tukiwa hapa Kyuso. Wazee wetu walizipa njaa majina. Ya 1961 waliiita Ndeke, kwa sababu ya ndege zilizodondosha chakula. Ya 1984 ni Nikw'a Ngwete: nafa na pesa mkononi, maana chakula cha kununua hakikuwepo. Na juzi tu, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua ilitukosa misimu mitano mfululizo.

Kusaidiana hatukufundishwa na mashirika. Mwethya ni yetu. Mama zetu walibeba mawe kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu, maji yakajificha mchangani ambako jua haliyafikii. Hakuna aliyeteka peke yake.

Halafu kuna Jumamosi ya 4 Desemba 2021. Basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu lilisombwa na mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walifariki. Walikuwa wenzetu Wakatoliki, na wenyeji waliojitosa majini kuokoa hawakumwuliza mtu dhehebu lake. Kila kwaya huku kwetu ilijiona ndani ya basi lile. Baada ya mazishi waombolezaji huenda zao, karo hubaki.

Ndiyo maana kamati imeleta pendekezo, na najua wengine hawajalipenda. Harambee ya leo ilikuwa ya kinanda na sare mpya. Tunaomba kinanda kinunuliwe, sare zingoje mwaka mmoja, na fungu lake lianzishe mfuko wa karo za watoto waliofiwa na tangi la maji kwa wazee wasio na wa kuwatekea. Dada zetu wa sauti ya kwanza wanasema sare zimepauka. Ni kweli, hata yangu imepauka. Lakini Yakobo hakumsifu anayemwambia mwenye njaa ashibe na kumwacha aende hivyo hivyo.

Jambo moja nitalishikilia: tusipige picha tunapotoa. Mimi ni mwalimu. Mtoto aliyepokea unga mbele ya kamera, wenzake humtania darasani muhula mzima.

Uamuzi si wa kamati. Kura itapigwa Jumapili ijayo baada ya ibada, wanakwaya wote. Anayejua familia yenye uhitaji ampe mweka hazina jina hilo kwa faragha. Halitasomwa mbele ya watu.