Mtandao wa Vijiji Vyetu Utashikwa na Nani?

Ndugu wananchi wa Kibaha na Kisarawe, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana,

Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulihesabu kuwa ni kazi ya watu wa mjini, nalo ni jambo la intaneti. Twakusudia kusema juu ya mtandao usio na waya ambao utakuwa mali ya wanavijiji wenyewe, wakauendesha wenyewe na kulipana wenyewe. Hatukuja kuwasifia mitambo. Mitambo hununuliwa dukani Kariakoo, na mwenye fedha huipata siku hiyo hiyo. Tumekuja na swali moja tu: siku ukizimika saa mbili za usiku, nani ataondoka kitandani?

Kwanza tutazame mahali tulipo. Nyaya kuu za chini ya bahari, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zilifika nchi kavu Dar es Salaam, yaani mlangoni petu. Kutoka juu ya vilima vya Pugu mtu huitazama Dar es Salaam kwa macho yake. Barabara ya Morogoro yapita Kibaha, reli ya zamani yapita Kibaha, na reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwezi wa Juni 2024, nayo ina kituo chake Soga. Kila kitu kiendacho bara chatupita sisi kwanza. Lakini mtu akiiacha lami na kuingia ndani, simu yake huanza kupungua nguvu, mpaka afike mahali ambapo kijana akitaka kupeleka maombi ya kazi hana budi kutafuta mwinuko na kusimama juu yake kama mlinzi wa nguruwe.

Serikali haikulala. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, nao hutoa ruzuku kwa makampuni ili yajenge minara vijijini; mwezi wa Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo ni njema, na atakayesema tunaipinga hakutusikia. Lakini mnara wa kampuni huendeshwa kwa hesabu ya kampuni. Mama auzaye mihogo Maneromango hununua bando la siku, na usiku wa manane likiisha muda wake hupotea hata kama hakulimaliza. Akinunua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko mwenye duka kubwa anunuaye kwa mwezi. Hivyo ndivyo biashara ya rejareja ilivyo, ya chumvi na ya intaneti. Dawa ya rejareja twaijua tangu zamani: watu huungana, wakanunua kwa jumla, wakagawana.

Basi mtandao wa jumuiya ndio huo. Kijiji chanunua njia moja kubwa ya intaneti kwa jumla, chaipokea kwa antena juu ya nguzo, na kutoka nguzo ile chaigawa kwa shule, zahanati, maduka na nyumba za wanachama. Si jambo la ndoto. Gulu, kaskazini ya Uganda, mtandao wa BOSCO ulianza mwaka 2007 kwa watu waliokuwa katika kambi za wakimbizi wa ndani, kwa nguvu ya jua. Kibera, Nairobi, wako wenzetu wa TunapandaNET. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, uko mtandao uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Net. Afrika ya Kusini, katika kijiji cha Mankosi, wananchi walisajili ushirika wao wa Zenzeleni mwaka 2014. Nao hawakuanza kwa kuuza intaneti. Walianza kwa kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua wa mitambo yao, wakapata fedha za kwanza hapo. Na hata Ulaya, ambako watu hudhani kila kitu huletwa na kampuni, watu wa vijijini wa Catalonia nchini Hispania walichoshwa na kungoja, wakaanza Guifi mwaka 2004. Leo una vituo zaidi ya 30,000.

Lakini mfano ulio karibu nasi ni wa Kondoa, mkoa wa Dodoma. Huko mtandao wa jumuiya ulianzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, miongoni mwao Dakta Jabhera Matogoro, pamoja na tawi la Tanzania la Internet Society. Wao walijaribu kutumia nafasi zilizobaki wazi katika mawimbi ya televisheni. Yafaa tueleze kwa nini, maana jambo hili latuhusu sana sisi watu wa pwani.

Mawimbi yatumikayo sana katika mitandao midogo hutaka kuonana uso kwa uso: antena ya hapa iione antena ya kule bila kizuizi. Kisarawe tuna vilima, na hiyo ni bahati. Lakini tuna mikorosho na miembe, na hiyo ni shida, maana jani lililolowa hunywa mawimbi kuliko jani kavu. Fundi akipima njia mwezi wa Septemba, mambo yote mazuri, akalipwa akaenda zake, masika yakishuka watu watasema amewaibia. Hakuiba; alipima kiangazi peke yake. Mawimbi ya televisheni hupenya miti vizuri zaidi, ndiyo sababu wenzetu wa Kondoa waliyajaribu. Ila hayo huwezi kuyatumia kwa kujichukulia tu. Mawimbi ni mali ya taifa, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo msimamizi wake. Kabla nguzo haijasimama hatuna budi kwenda kuuliza leseni ipi yatupasa na mawimbi yapi tutaruhusiwa. Wenzetu wa Kenya walipata mwaka 2021 utaratibu wa leseni uliotungwa kwa ajili ya mitandao ya jumuiya peke yake, na sisi twaweza kuuomba wa namna hiyo. Afadhali tuchelewe miezi michache kuliko mitambo yetu ishushwe mbele ya watoto.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mambo mengi ya vijiji yalipofia. Twaweka hesabu ya mfano tu, kila kijiji kitapata yake. Tuseme kaya 60 zimejiunga, kila kaya yatoa shilingi 15,000 kwa mwezi. Zapatikana shilingi 900,000. Tuseme 450,000 zanunua intaneti ya jumla, 150,000 ni posho ya vijana wawili watakaohudumia wanachama, na 100,000 ni ya mlinzi, vifaa vidogo na nauli. Zabaki 200,000. Mtu wa haraka atasema, faida hiyo, tugawane au tupunguze ada. Hapana ndugu. Hizo ni fedha za betri. Betri za kawaida za mitambo ya jua hudumu miaka mitatu au minne, mitano ukizitunza, na siku zikifa hufa zote pamoja, kwa sababu zilizaliwa pamoja.

Sasa tuseme kaya 20 hazikulipa. Huyu amefiwa, yule korosho zake hazijalipwa, wa tatu ni shemeji yake mwenyekiti. Makusanyo yawa 600,000, na matumizi ni 700,000. Je, kamati itafanya nini? Haitakata intaneti, maana watu watapiga kelele. Haitamwondoa mlinzi. Itagusa akiba ya betri, kwa sababu akiba haipigi kelele. Mwezi wa kwanza hakuna aonaye. Mwaka wa kwanza hakuna aonaye. Mwaka wa nne mtandao wazimika jioni moja, na watu husema, “Miradi ya vijijini ndivyo ilivyo.” Tumeingia katika shule moja, hatutaitaja, tukakuta kompyuta zimefunikwa kanga kwa heshima kama maiti. Zilikuwa nzima. Kilichokufa ni betri, na hapakuwa na hata senti iliyowekwa kwa ajili yake tangu siku mfadhili alipokata utepe.

Kwa hiyo twasema akiba iwekwe katika akaunti ya peke yake, na hesabu isomwe kila mwezi katika mkutano, ya aliyelipa na asiyelipa, pamoja na shemeji. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yatupa njia ya kujisajili. Twajua wako watakaoguna wakisikia neno ushirika. Wana haki ya kuguna. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo wako wakulima waliouza mazao yao kwa ushirika wakangoja malipo mpaka wakachoka. Lakini mtandao wa kijiji kimoja si chama kikuu. Mwanachama humjua mweka hazina, ajua na ng'ombe wake ni wangapi.

Tumefika sasa kwenye kazi yenyewe ya kuwahudumia wanachama, ambayo kwetu ni kubwa kuliko nguzo na antena. Tuseme bibi yetu mmoja apiga simu kwa kijana wa zamu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hiyo intaneti yenu imekufa.”

Kijana mwenye haraka atajibu kwamba huku kwake yafanya kazi, akakata simu. Huyo ameuharibu mtandao kuliko radi. Kijana mwema atauliza: taa ya kile kisanduku yawaka? Haiwaki. Je, kuna mtu amechomoa waya? Kumbe mjukuu mwingine alichomoa ili achaji simu yake. Sisi tuliofanya kazi hizi twajua kwamba malalamiko mengi ni ya namna hiyo: waya umechomolewa, paswadi imesahauliwa, simu imejaa picha mpaka haina nafasi. Hakuna aibu ndani yake, na kijana asicheke. Bibi aliyechekwa mara moja hatapiga tena, na mwezi ujao hatalipa, wala hatasema kwa nini.

Basi liwepo daftari dukani, mahali ambapo kila mtu hupita. Liandikwe siku, nyumba, kilichoharibika, aliyekwenda, na alichokifanya. Baada ya miezi mitatu daftari lenyewe litasema: nyumba za bondeni hukatika kila mvua inyeshapo, kwa hiyo antena ipandishwe, kisanduku cha zahanati kimeingiwa na sisimizi mara mbili, kwa hiyo kizibwe vizuri. Na waya wa ethi uchimbiwe kabla ya antena kupandishwa, si baada ya radi ya kwanza.

Vijana wafundishwe wawili katika kila kijiji, tena mmoja wao awe msichana. Twasema wawili kwa sababu ukimfundisha mmoja, akishaijua kazi Dar es Salaam itamwita, na nauli kutoka Kibaha si kubwa. Hatumlaumu. Lakini akiondoka na ufundi wote kichwani na paswadi zote mfukoni, mtandao umehama naye. Paswadi za mitambo ziandikwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa, zikae kwa mweka hazina. Na yule kijana aapishwe kutochungulia mambo ya watu. Anayepita katika mitambo aweza kujua nani asoma nini, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu hawezi kuuliza habari ya ugonjwa wake usiku, kesho akaisikia kisimani.

Kuna siku ambazo kijana wetu hataweza kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Siku kama hiyo kazi ya mhudumu ni kusema. Aandike ubaoni saa hiyo hiyo: tatizo liko baharini, si kwetu, tukijua zaidi tutawaambia. Mwanachama huvumilia kukatika, hakubali kufichwa. Na mtandao ukiwa na kompyuta yake ndogo kijijini iliyowekewa masomo ya shule na maelezo ya kilimo, watoto wataendelea kusoma hata njia ya nje ikiwa imekufa, maana mawimbi ya kijijini hayapiti baharini.

Watu wa Kibaha tusisahau tuliyo nayo. Mwaka 1963 nchi za kaskazini ya Ulaya zilianza pamoja na nchi yetu kazi ambayo sasa ni Shirika la Elimu Kibaha, lenye sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Mwaka 1970 wageni walikabidhi, Serikali ikashika. Shule ile ingali inafundisha, kwa kuwa siku ya kukabidhi palikuwa na watu wa kupokea. Mfadhili akija na nguzo na antena tutashukuru, lakini tumwulize mapema atakabidhi lini, na sisi tuwe tumekwisha kupanga nani atapokea.

Kabla ya mkutano ujao twaomba kila kijiji kilete mambo haya yaliyoandikwa: kaya ngapi ziko tayari kulipa, si kushangilia; nani atatoa mahali pa nguzo, na kwa maandishi; majina ya vijana wawili wanaojua kusoma na wasio na kiburi; na duka litakalotunza daftari. Wa Kisarawe waongeze jambo moja, watuambie ni mikorosho ya nani iliyoko kati ya nguzo na shule, ili tukazungumze na wenyewe kabla ya mtu kushika panga.