MTOTO WA DUNGUNI NAYE ALISHWE
Hotuba kwa wakulima na wavuvi wa Kibiti na Delta ya Rufiji



Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la jikoni tu, tena la akina mama peke yao: chakula cha kwanza cha mtoto mchanga. Sisi twasema ni jambo la kijiji kizima.

Mpaka atimize miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha mtoto. Hahitaji uji wala maji. Maji yasiyo safi humharisha, na uji wa mapema humjaza tumbo akaacha kunyonya. Lakini baada ya miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa madini ya chuma yanayojenga damu. Hapo ndipo watoto wengi huanza kubaki nyuma, mpaka wafikapo miaka 2. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 walikuwa wamedumaa. Katika uchunguzi wa 2015 na 2016 walikuwa 34. Hatua imepigwa, lakini 30 ni wengi mno. Na kudumaa si ufupi wa ukoo. Mtoto aliyedumaa hushikwa na maradhi upesi, na darasani hupata taabu kufuata masomo.

Sasa tuulizane: je, kwetu hakuna chakula? Delta ina kamba, kaa, dagaa na mpunga. Huku juu kuna mihogo, nazi, korosho, maembe na mapapai. Basi kasoro iko wapi? Iko katika mambo mawili.

La kwanza ni uji wenyewe. Tumbo la mtoto wa miezi 8 hupokea kiasi cha kikombe kimoja tu kwa mlo. Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Mtoto hushiba maji. Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko bila kumwagika. Utiwe dagaa au kamba wakavu waliosagwa laini, tui la nazi na mboga za majani. Ukiwa mzito kupita kiasi, iko dawa ya wazee ambayo wataalamu wa lishe wa nchi hii waliichunguza miaka ya 1980: kimea. Kijiko cha unga wa nafaka iliyooteshwa kikikorogwa katika uji uliopoa kidogo, uji hulegea bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe motoni uchemke. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Naye aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

La pili ndilo zito: wakati. Mpunga ukizaa, ni nani anayekaa dunguni kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku? Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa mahali pa juu, na mashamba yakabaki bondeni. Nyumba na shamba vikaachana. Mtoto huachiwa bibi yake na sufuria moja ya uji wa asubuhi, au huenda dunguni na mama akala jioni tu. Hizo mara 3 zitatoka wapi? Tusimlaumu mama huyu. Akiliacha shamba, ndege watamaliza mpunga na nyumba nzima italala njaa.

Kwa hiyo twasema, tupange zamu. Majirani wa madungu wamlindie shamba mama mwenye mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2, apate kupika mchana. Akina baba wavuvi, kabla kamba hawajafika kwa mnunuzi, konzi moja ibaki nyumbani kwa ajili ya mtoto. Na kadi ya kliniki isomwe na baba pia: mstari wa uzito ukiacha kupanda, asingoje mwezi mwingine.

Ndugu zetu, mpunga tunaulinda usiku na mchana usiliwe. Mtoto tumlinde vivyo hivyo. Kazi hii haingoji mgeni kutoka mjini; yangoja sisi tukae, tupatane, tuanze msimu huu.