CHAKULA CHA MTOTO ALIYEPANGA CHUMBA

(Haya ni mazungumzo yetu na wazazi na wanakisomo.)



Leo hatutasoma ubaoni. Tutazungumza habari za sufuria.

Kuanzia mwaka 2004 shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Hayo ni mambo mazuri. Lakini kata ni kubwa. Wako watoto wanaotembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwa hiyo baadhi yetu tumewapangia vyumba karibu na shule. Wanakaa huko tangu Jumapili hadi Ijumaa, na wanajipikia wenyewe.

Tumevitembelea vyumba hivyo. Tulikuta nini? Unga upo. Mboga hakuna. Mzazi amepeleka unga, kisha anasema, "Mwanangu ana chakula." Jamani! Unga peke yake si chakula. Mtoto anarudi saa kumi jioni, amechoka. Maharage yanakula mkaa, na mkaa ni pesa. Basi anasonga ugali, anakula na chumvi. Siku nyingine analala hivi hivi. Kesho yake anasinzia darasani, na anaitwa mvivu. Na msichana mwenye njaa, tuseme wazi, ni rahisi kudanganywa na mtu mzima mwenye pesa ya chipsi. Mambo hayo mnayajua.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu tumejifunza. Mtoto mmoja apate nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa siku tano ni kilo mbili na nusu. Aongeze nusu kilo ya maharage, karanga, dagaa, nyanya, vitunguu, mafuta kidogo na chumvi yenye madini joto. Mzigo huo haumshindi mtoto kubeba. Sehemu kubwa yake inatoka shambani kwetu. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu sembe imeondolewa kiini na ganda, na humo ndimo vitamini nyingi zilimo.

Lakini tuchague nafaka vizuri. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine wakafa, katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo inaletwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe mtoto, na karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zisitwangwe.

Haya, maharage. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watoto wengi wanaposhindwa. Asubuhi kabla ya kwenda shule, mtoto achague maharage, ayaoshe, ayaloweke kwa maji mengi, afunike. Akiwa darasani, maji yanafanya kazi. Akirudi amwage maji yale, atie mengine, ayachemshe kwa nguvu dakika 20. Asipunguze dakika hizo. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo na kutapisha.

Kisha aepue sufuria bila kufunua mfuniko. Aiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu au matambara, na juu aifunike kwa blanketi zito. Joto linabaki ndani. Maharage yanaendelea kuiva bila moto, na mtoto anasoma. Baada ya saa tatu afunue. Arudishe jikoni, atie kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa, achemshe tena mpaka yatokote. Wakati huo maharage yameshalainika. Yakiwa bado magumu, ayaache motoni kidogo zaidi. Apike ya kula usiku huo tu. Maharage yaliyolala kwenye joto huchacha.

Siku asiyo na muda, dagaa. Atoe mchanga, aoshe kwa maji ya vuguvugu, akaange na kitunguu na nyanya. Dakika 15 zinatosha. Mchicha au matembele yasichemshwe mpaka yakawa meusi.

Wazee wetu walilijua jambo hili la kupika haraka kabla yetu. Wagogo wanakausha mlenda na kuutwanga. Ukitaka kula, unachemsha maji, unakoroga, mboga tayari. Wasukuma wana michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na wana matobolwa, ambayo yamechemshwa kwanza ndipo yakakaushwa. Matobolwa na karanga ni chakula cha asubuhi kisichohitaji moto. Siku hizi watoto wanaona haya kuvila mbele ya wenzao. Wanataka mandazi. Sisi tunaona haya hiyo haina maana.

Neno moja kwa akina baba. Msiseme kupika ni kazi ya wasichana. Mvulana wa kidato cha pili asiyejua kusonga ugali atalala njaa na gunia la unga liko pembeni. Afundishwe nyumbani, wakati wa likizo.

Na hili msikilize sana. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama kuna baridi, hata kama mvua inanyesha. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Apikie nje au barazani. Akimaliza, azime mkaa kwa mchanga au maji, na jiko lilale nje.

Jumamosi saa nane mchana tukutane hapa hapa darasani. Kila mmoja alete kikapu cha zamani, majani makavu na tambara moja. Maharage tutaleta sisi, na yatakuwa yameshalowekwa.