Figili na Maji Iliyoyanywa



Mboga nyingi tunazonunua hapa Dar es Salaam hupita kwenye sufuria kabla ya kupita kooni. Mchicha huchemshwa, matembele huchemshwa, na kisamvu ndiyo usiseme. Moto husamehe makosa mengi ya mkulima na ya mchuuzi. Figili haina bahati hiyo. Huoshwa, hukatwa vipande, hutiwa ndimu na chumvi, ikaliwa mbichi. Maji iliyoyanywa bustanini ndiyo tunayoyala mezani.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba mtu wa mjini akitaka kupanda kitu kimoja tu mlangoni kwake, basi apande figili.

Apitaye bonde la Msimbazi huona matuta ya mboga yaliyostawi vizuri, na mwenye pua hujua hali ya mto wenyewe, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani. Siwalaumu wakulima wa bondeni; wanatafuta riziki, na mto ndio bomba lao. Lakini kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015 tulikumbushwa upya habari ya maji na vyakula vibichi. Kuosha kunasaidia, sikatai. Ila sumu kama risasi ikishafyonzwa na mizizi haitoki kwa kuosha, na figili tuilayo yenyewe ni mzizi.

Utaniambia: mimi nimepanga chumba kimoja Manzese, shamba nitalipata wapi? Chukua dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kupikia, si la dawa wala la kemikali. Lipasue ubavuni, lilaze, litoboe matundu chini. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa, kwani samadi mbichi huifanya mizizi igawanyike kama vidole. Liweke penye jua.

Figili haipendi kuhamishwa, kwa hiyo usisie kitaluni. Fukia mbegu sentimita moja hivi, palepale itakapokulia. Zikiota, na huota baada ya siku chache tu, punguza miche ibaki kwa nafasi ya sentimita tano. Hapa wengi huona huruma, wakaiacha ibanane, mwisho wake wakavuna majani matupu. Ile uliyoing'oa tia kwenye mboga; majani ya figili huliwa.

Mwagilia kila siku, kwa kiasi. Ukiiacha ikauke kisha ukaimwagia ndoo nzima, mzizi hupasuka. Maji yawe ya bomba, au ya mvua uliyoyakinga mwenyewe. Kisima kifupi kilichochimbwa jirani na choo ni Msimbazi mwingine mdogo, hata kama maji yake yanang'aa.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora hapa pwani. Joto likizidi figili huwa kali kama pilipili na hukimbilia kutoa maua. Ile ndogo nyekundu huwa tayari kwa wiki nne hivi. Ing'oe, maana ukiichelewesha hugeuka sifongo. Ile nyeupe ndefu huchukua hata miezi miwili na huhitaji chombo chenye kina.

Sitaki kumdanganya mtu: dumu moja halilishi familia, na ndoo ya maji mjini ina bei yake. Kwa hesabu ya fedha peke yake, huenda sokoni ni nafuu. Mimi ningelipa tofauti hiyo.

Mwisho, ukienda duka la pembejeo taja waziwazi kwamba unataka figili ya mzizi. Jina tulilipokea kutoka kwa Waarabu, lakini hapa kwetu limehamia pia kwenye mboga ya majani, na muuzaji anaweza kukupa hiyo. Utakaa mwezi mzima ukifukuafukua udongo kutafuta kitu ambacho hakimo.