Mto Nao Una Haki ya Maji Yake

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Kamati imeniomba niseme machache juu ya wajibu wetu kwa jirani. Nimeona nimzungumzie jirani mmoja ambaye hakuletewa kadi ya mwaliko, nao ni Mto Mkondoa. Mimi si mtaalamu wa maji. Ni mfanyabiashara niliyeishia sekondari, na ninayoyasema nimeyapata kwa kuona, kwa kusoma na kwa kupata hasara.

Wengi wenu mnaikumbuka Desemba 2009. Mvua zilinyesha huko juu, mto ukavunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa, maji yakaingia majumbani usiku. Maelfu ya watu wa wilaya yetu waliishi katika mahema. Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Katika duka langu magunia ya sukari yaligeuka tope. Siku zile tuliulaumu mto. Leo naona tuliulaumu kabla ya kujiuliza umepatwa na nini.

Milima ya Ukaguru na Rubeho inapovuliwa miti, mvua haipati pa kupenya ardhini. Huteremka kwa kasi ikibeba udongo, na udongo huo hutua katika kitako cha mto. Mwaka hata mwaka kitako huinuka, nafasi ya maji hupungua, hata mvua ya kawaida ikawa mafuriko. Na kwa kuwa maji hayakupenya ardhini masika, chemchemi hazina cha kutoa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo gharika na ukame, ambavyo tumezoea kuvihesabu misiba miwili, hutoka katika chanzo kimoja.

Mkondoa haukomi kwetu. Huungana na Mkata, mto unaopita katika Hifadhi ya Mikumi, na maji yao huwa Wami. Wami hunywesha mashamba ya mpunga ya Dakawa na watu wa Chalinze, kisha huingia Bahari ya Hindi penye Hifadhi ya Saadani. Wanaoishi Mikumi wanajua jinsi Mkata unavyobaki vidimbwi mwishoni mwa kiangazi, viboko wakibanana humo. Upande wa pili tumepakana na bonde la Ruaha Mkuu. Mto ule, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji huchukuliwa mengi huko Usangu kabla hayajaifikia. Na wala tusisahau kwamba Desemba 2000, katika wilaya yetu hii, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mahali ambapo maji na malisho hayana utaratibu unaoheshimiwa, damu huweza kumwagika.

Je, nchi yetu haina sheria? Inazo, tena nzuri. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka mahitaji ya binadamu mbele, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua akiba ya maji, yaani kiasi ambacho lazima kibaki mtoni kwa ajili ya watu na viumbe. Afrika Kusini waliweka kanuni ya namna hiyo katika sheria yao ya 1998, nao pia wanahangaika kuitekeleza.

Mageuzi ninayoyaona ni ya lazima ni matatu. La kwanza, kiasi cha maji ya mto kipimwe na kutangazwa kwanza, kisha vibali vya kuchota vitolewe kwa kile kinachosalia. Mfanyabiashara anayegawa faida kabla ya kutenga mtaji hufilisika, na mto nao ni hivyo hivyo. La pili, sehemu ya ada za maji irudi milimani kwenye vyanzo, kwa sababu mkulima wa Ukaguru hawezi kuutunza msitu kwa faida ya watu wa bondeni huku watoto wake wakilala na njaa. La tatu, Jumuiya za Watumia Maji zipewe nguvu na vitendea kazi, maana ofisi ya Bonde la Wami na Ruvu iliyoko Morogoro haiwezi kuona kila pampu inayowashwa usiku.

Lakini ningekuwa mnafiki nikiishia kwa Serikali. Ndugu zangu, kwa miaka mingi shamba langu la mboga lilifika ukingoni kabisa mwa Mkondoa. Nilikata mikuyu iliyokuwepo, nikapanda nyanya, nikaweka pampu. Niliijua ile mita 60, na nilijiambia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Mwaka huu nimepima kwa kamba, nikaondoa pampu, nikarudi nyuma. Mapato yamepungua, na watoto wangu hawakufurahi. Miche ya mikuyu imeanza kushika.

Sisi Wahindu huiita mito mama. Hata hivyo Ganga, mama wa mama zote, imejaa taka za viwanda na maji machafu ya miji. Machi 2017 mahakama ya jimbo la Uttarakhand ilitamka kwamba Ganga na Yamuna zina haki kama mtu, na Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu ya juu ya India ikasimamisha uamuzi ule. Jina la heshima halikuusafisha mto, wala hukumu peke yake haikuusafisha.

Kwa hiyo naweka mbele ya Kamati maombi mawili. Kwanza, sanamu za Ganesha zilizotengenezwa kwa plasta na kupakwa rangi za kemikali tusizitose tena mtoni. Tutumie za udongo mtupu, tuzitose katika pipa hapa uani, na maji yake tuyamwage kwenye bustani ya hekalu. Najua wako wazee watakaoona tumepunguza ibada. Nawaomba wafikirie kama mama anaheshimiwa kwa kutiliwa rangi yenye sumu katika chakula chake. Pili, hekalu lishirikiane na msikiti, makanisa na serikali za mitaa kupanda miti ukingoni mwa mto, na tuingie wote katika Jumuiya ya Watumia Maji, tuhudhurie mikutano yake badala ya kupeleka michango tu.

Babu zetu walikuja hapa kwa kufuata reli, na reli iliufuata mto. Riziki yetu yote tumeipata kwenye bonde hili. Hekalu litakapoadhimisha miaka mingine, sisi wengine hatutakuwepo, lakini wajukuu wetu na wa kwenu watakuwa wakinywa maji haya haya. Naomba maombi haya mawili yajadiliwe katika mkutano wa wanachama ujao, na majirani waalikwe kutoa maoni yao.